Mwaka Niliopaka Vigingi Rangi Nyekundu

Kassim ndiye aliyetuita. Alikuwa amestaafu kazi yake ya kutunza mikoko huko pwani, amekuja Nairobi kuonwa na daktari wa macho, na akaandika kwenye kundi letu la wasap kwamba haondoki mjini kabla hajala na sisi. Darasani tulikuwa kumi na wanne, tukafika sita. Tulikutana Gatina, ndani ya Kawangware, kwenye hoteli ya ghorofa ya kwanza iliyo juu ya duka la viatu, kwa sababu mimi bado nakaa Kawangware na nilikataa katakata kwenda kukaa kwenye viti vya ngozi na watu ambao niliwahi kugawana nao andazi moja. Kassim aliingia na fimbo, akanikodolea macho yake mabovu, kisha akasema kwa sauti iliyofika jikoni, "Dada wa vigingi! Bado wanakuchomea mali ya serikali?" Wote wakaangua kicheko, hata mhudumu ambaye hakujua kinachochekesha. Nilicheka pia, lakini nikiri kwamba kitu kilinichoma kifuani, baada ya miaka yote hii. Wenzangu wakiukumbuka mwaka ule wanakumbuka kosa langu, maana kosa linachekesha. Mimi nakumbuka lilivyokwisha. Basi nimeona niandike mwenyewe, kabla Kassim hajaizungusha hadithi hii pwani nzima kwa namna yake.

Kozi yetu ilikuwa ya uzamili katika usimamizi wa bioanuwai, yaani namna ya kutunza aina zote za viumbe wa mahali fulani, mimea, ndege, wadudu na samaki, pamoja na watu wanaoishi nao. Hilo la watu lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kozi, na mimi niliuruka ukurasa huo nikakimbilia mimea. Ilikuwa kozi ya watu walio kazini. Tulisoma Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, tukiwa tumechoka, wengine bado na matope kwenye viatu. Kassim alikuwa akija kwa basi la usiku kutoka pwani, analala kwenye kiti cha nyuma hadi mwalimu aingie. Mimi nilikuwa askari wa msitu kwa cheo, lakini kazi yangu halisi ilikuwa kukaa langoni na kukata tiketi za watu wanaokuja kutembea msituni na mbwa wao. Miaka saba langoni! Nilijua majina ya mbwa wote. Kituoni kulikuwa na nafasi moja ya afisa wa bioanuwai iliyokuwa wazi, na mkuu wangu aliniambia bila kuzungusha: "Ukihitimu mwaka huu, ni yako. Usipohitimu, nampa mtu mwingine, na wewe unarudi langoni, na usinisumbue tena." Sikuwahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kutoka kwenye kile kibanda cha tiketi.

Niliishi Gatina kwenye chumba cha ghorofa ya tatu. Kilikuwa na kitanda, jiko la stovu, ndoo mbili za maji na mimea. Sampuli za mimea hukaushwa kwa kubanwa katikati ya magazeti chini ya kitu kizito, na kwa vile sikuwa na kitu kizito kuliko mwili wangu, nilizitandaza chini ya godoro. Mwaka mzima nililala juu ya mimea ya mto, na nikigeuka magazeti yalilia. Ukuta kati yangu na majirani ulikuwa mwembamba, na niliwasikia vizuri Baba Nekesa na mkewe, watu wa Bungoma, wakinijadili kila nilipopandisha ngazi na mfuko wangu. "Huyo madam amebeba majani tena," mke alisema siku moja. "Na sufuria yake hainuki mboga." Mumewe akajibu kwamba lazima ni dawa, kwamba ninatibu watu. "Anatibu nani, na yeye mwenyewe anakohoa usiku mzima?" Nilikaa kitandani na bakuli langu la ugali na maziwa, nikauma kijiko nisicheke. Siku hizi nakaa kwenye nyumba yenye kuta nene, na kusema kweli sijui chochote kuhusu jirani yangu.

Utafiti wangu niliuchagua kwa kiburi. Chini ya mtaa wa Lindi, pale Kibera inaposhuka hadi mtoni, kulikuwa na mteremko mrefu ulioingiliana na nyumba za mabati. Nusu yake akina mama walikuwa wamepanda nduma, sukuma wiki na mboga za kienyeji, na nusu nyingine ilikuwa imeachwa tu. Kabla sijahesabu jani hata moja nilikuwa nimeshaamua kwamba kilimo kile kilikuwa kinamaliza mimea ya asili ya mto, kwamba tasnifu yangu ingesema hivyo, na kwamba ningependekeza mahali pote pazungushiwe ua. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unapima mraba wa mita moja kwa mita moja, unapigilia kigingi kwenye pembe yake, unaandika kila mmea uliomo ndani. Mwezi ujao unarudi kwenye mraba uleule, si wa jirani yake, unaandika tena. Nilipanga miraba thelathini. Ili nisiipoteze, kila kigingi nilikipaka rangi nyekundu na kukiandika namba kwa rangi nyeupe, kama tulivyofundishwa, ili kionekane kutoka mbali. Nilivipigilia Jumatatu moja kabla ya mvua ndefu, nimevaa sare ya kazi, nyundo mkononi, simsemeshi mtu. Watu walitoka wakasimama milangoni. Niliwapungia mkono. Nilidhani wanavutiwa na sayansi.

Alhamisi niliporudi na daftari langu hapakuwa na kigingi hata kimoja. Nilipanda na kushuka ule mteremko, nikipekua nyasi kwa mguu, hadi nikafika kwa mwanamke aliyekuwa akichemsha maharagwe nje, na pale chini ya sufuria yake nikaona namba tisa yangu inaungua, ile rangi nyekundu inatoa moshi mweusi. Nilipandwa na hasira. Nilisema maneno mengi ambayo sitayarudia, na katikati yake nikapiga kelele, "Hiyo ni mali ya serikali! Mnachoma mali ya serikali!" Yule mama aliondoa sufuria motoni, akaibeba kwa kitambaa, akaingia ndani na kufunga mlango. Nikadhani nimemshinda.

Nilikwenda kukaa kwenye hoteli ndogo ya mabati juu ya pale, nikaagiza chapati na madondo, yaani maharagwe, ili nitulie. Upande wa pili wa bati kulikuwa na kibanda kingine, na wanawake watatu au wanne walikuwa wakiongea humo. Mwanzoni sikuwasikiliza. Kisha mmoja akasema, "Mimi ni namba kumi na saba." Mwingine akasema yeye ni kumi na nane, lakini mama mkwe wake ni kumi na tisa, na wakibomoa kumi na nane watalala wapi wote. "Wanaanza na huku chini," sauti nzito ikasema. "Huwa wanaanza mtoni. Mimi nimetoa mabati tayari, nimeyaficha kwa shemeji huko juu Laini Saba. Trekta ikikuja itapata mbao tu." Mmoja akauliza kama kweli ni serikali. "Aii, yawa! Si amesema mwenyewe saa hii? Amesimama kwa Mama Brayo akipiga nduru, mali ya serikali, mali ya serikali. Unataka akuandikie barua?"

Niliirudisha chapati sahanini. Nilikuwa nimekaa Nairobi miaka tisa. Nilijua, kama kila mtu katika mji huu anavyojua, kwamba mtu wa sare akipita penye nyumba za mabati na rangi nyekundu na namba, nyumba hizo zinakwenda chini. Nilijua kabisa, na bado nikaenda na kopo langu la rangi, kwa sababu kitabu kilisema rangi inayoonekana kutoka mbali. Niliona aibu hata nikashindwa kumwita mhudumu. Ningeweza kuondoka kimya kimya, sitaficha kwamba niliwaza hivyo, nikachukue eneo lingine ndani ya msitu wenye ua ambako hakuna mtu wa kuogopa. Badala yake nilizunguka lile bati, nikasimama kwenye mlango wa kile kibanda na sare yangu, nikasema, "Samahanini. Hakuna anayebomoa. Vile vijiti ni vyangu, vya shule. Nahesabu mimea."

Mwenye ile sauti nzito alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, akikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, chini ya paa ambalo halikuwepo tena, jua likimpiga kichwani. Ndiye Mama Felo. "Unahesabu nini?" akauliza. Nikarudia. "Mimea. Hii majani ya hapa." Akakoroga omena yake kwanza. "Kwa hivyo nimetoa paa ya nyumba yangu juu ya majani." Nikasema nitawaeleza watu wote, naomba tu aniitie mkutano. Akakataa. "Hapana. Hukuweka hizo vitu kwa mkutano. Uliweka mlango kwa mlango. Utarudi mlango kwa mlango, na utasema kwa mdomo yako. Mimi nitakuwa nyuma, nisikie kama umesema vizuri."

Tulikwenda wakati huohuo, mimi mbele na Mama Felo nyuma yangu amekunja mikono. Ilituchukua mchana wote. Wengine walicheka kwa kufarijika. Kijana mmoja aliyekuwa ananyoa watu akaniambia, "Madam, ulitushtua mbaya sana, hiyo si poa," kisha akanipa mkono. Mama Brayo hakufungua mlango, nikaomba msamaha kwa mbao. Lakini fundi mmoja wa kuchomelea vyuma aliacha kazi, akaniangalia hadi nikamaliza, akasema, "Bibi yangu nimempandisha gari jana, yeye na watoto, waende nyumbani Busia. Juu ya kijiti yako." Nikasema pole. "Pole si yangu. Pole utampea yeye." Akanipa simu yake, na nikampigia mke wake nikiwa nimesimama pale, nikamweleza mimi ni nani na nimefanya nini, huku nikisikia mtoto analia upande wa pili. Nimesimama mbele ya mawaziri na maprofesa tangu siku ile na sijawahi kuogopa hivyo.

Jumamosi nilimweleza msimamizi wangu chuoni, Daktari Kirui, mtu mwembamba mwenye kupenda utaratibu, yaliyotokea na kwamba sitapigilia vigingi pale tena. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema jambo lililokuwa kweli: bila alama za kudumu siwezi kuthibitisha kwamba narudi kwenye mraba uleule, na nisipoweza kuthibitisha sina tasnifu. Kubadilisha eneo kungehitaji kibali kipya, na kufikia hapo mvua zingekuwa zimepita na mwaka umekwisha. "Ahirisha hadi mwakani," akasema kwa upole. Mwakani! Mwakani ningekuwa langoni nikisalimiana na mbwa. Kassim alinifuata nje akanipa nusu ya andazi lake. "Dada yangu," akasema, "hao waliokung'olea vijiti, si ndio wenye mahali? Waulize wao hujuaje mahali pao." Nilimwambia asinichekeshe. Jumatatu nikaenda nikamuuliza Mama Felo.

Alishangaa kwamba hilo ni swali. "Kwani lazima kijiti? Sisi tunajua kila mahali hapa." Akaniteremsha mtoni akinionyesha kwa kidole: hapa ni Jiwe la Kufulia, pale ni Migomba Miwili, pale juu ni Mahali Beatrice Alianguka. Kila alama ilikuwa na mtu anayelima karibu nayo na asiyeweza kukosea hata akiwa amefumba macho. Tukatafuta kamba, tukaifunga mafundo, na kwa kila mraba tukakubaliana mafundo mangapi kutoka kwenye alama gani, kuelekea wapi. Mama Felo aliyashika yote thelathini kichwani, mimi nikaandika. Daktari Kirui alipoona jedwali langu alivua miwani. "Mraba wa kumi na moja unaitwa Mahali Beatrice Alianguka?" Nikasema ndiyo, Daktari. "Na Beatrice anakubali?" Nikasema Beatrice ndiye anayeulinda. Alisema ananiruhusu kwa shingo upande, na kwamba mtahini wa nje ndiye atakayeamua, na mtahini huyo hana huruma.

Nikaanza kula kwa Mama Felo. Mabati yalikuwa yamerudi juu. Niliyabeba mwenyewe kutoka Laini Saba, safari tatu, watu wakinishangilia njiani. Baada ya kuhesabu nilikaa kwenye benchi lake na ugali, omena, na mboga ya osuga, yaani mnavu, aliyoipika kwa maziwa hadi uchungu wote ukaisha, na hapo ndipo nilipofundishwa bioanuwai. Mimi nilisema jina la kisayansi la mmea, wao wakasema la Kiluo au la Kiluhya, kisha wakabishana kuhusu namna ya kuupika. Siku moja niliuliza mrenda wa aina fulani, ile mboga inayoteleza, ulifikaje pale, maana sijawahi kuuona Nairobi. Beatrice akacheka. "Si ulitoka matangani." Ikawa kwamba kila mmoja wao akienda nyumbani kuzika, huko Siaya au Busia au Vihiga, harudi mikono mitupu, anafunga mbegu kwenye kona ya leso, na zikibaki anazimwaga kando ya shamba lake ili mwingine ajichumie. Nilitazama ule mteremko upya. Mwezi baada ya mwezi orodha zangu zilikuwa zinaniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia: upande uliolimwa ulikuwa na aina nyingi za mimea kuliko ule ulioachwa. Nilikuwa nimekuja kuweka ua dhidi ya watu wanaofanya kazi niliyokuwa nikiisomea. Nilichana sura mbili za tasnifu na kuanza upya, na sijawahi kuandika kwa furaha kama wiki zile.

Mtahini wa nje alikuwa profesa mwanamke, mfupi, amevaa viatu vya gambuti. Aliisoma tasnifu, akasema haamini. Si kwamba nimedanganya, alisema, bali haamini kwamba mtu anaweza kurudi kwenye mraba wa mita moja kwa kukumbuka tu. Alitaka kuona. Basi tukashuka Lindi, yeye, Daktari Kirui na mimi, na tulipofika kwa Mama Felo profesa akanigeukia: "Wewe kuanzia sasa usiseme kitu." Akatazama ramani yangu, akachagua mraba wa ishirini na sita, akauliza uko wapi. Mama Felo akafuta mikono, akachukua kamba, akaenda bila kuharakisha hadi kwenye migomba, akahesabu mafundo manne kuelekea mtoni, akasimama. Profesa akapima kwa chombo chake na kulinganisha na ramani. Akapima tena, akafungua orodha yangu. "Haya, mama, humu ndani mna nini?" Mama Felo akachuchumaa akaanza kutaja, akigusa kila mmea kwa kidole, na profesa akiweka alama. Tisa. Orodha yangu ilikuwa na mimea tisa. Nikaanza kupumua.

"Na atipa," Mama Felo akasema. "Kumi."

Profesa akasema hauoni kwenye orodha. "Hata mimi nashangaa," akasema Mama Felo, "kwa sababu huyu msichana amekula atipa kwangu wiki jana, akaramba sahani." Profesa akapiga magoti kwenye matope na kioo chake cha kukuzia, akachuma jani, akalinganisha na jingine, akachukua muda mrefu usiokwisha. Daktari Kirui alitazama mto. "Ni kweli," profesa akasema. "Ni mmea mwingine kabisa. Mtafiti ameuchanganya na ule wa pembeni." Akainuka, akaniangalia, na mimi nikaona lango langu, na kiti changu, na mbwa wote.

"Hiyo mboga bado iko?" akamuuliza Mama Felo. Ilikuwepo. Tukaingia kibandani, profesa akala sahani mbili za atipa na ugali, huku Beatrice na Mama Brayo na yule fundi na mkewe aliyerudi wamejazana mlangoni. Alipomaliza alinawa, akachukua tasnifu yangu, akaandika kwenye ukurasa wa mwisho kwa kalamu. "Nimetahini kazi nyingi," akasema. "Ni mara ya kwanza kukutana na eneo linaloweza kumsahihisha mtafiti. Hilo ndilo nililotaka kuona, na nimeliona. Umepita. Sharti ni moja: ongeza mmea wa kumi kwenye ule mraba, na uandike jina la aliyeuona." Nililia. Sikujificha, nililia mbele ya Daktari Kirui, naye akanipa kitambaa chake kilichopigwa pasi. Beatrice alitoka nje akapiga kelele kuelekea mtoni, "Tumepita, jameni! Tumepita!" na kutoka kila mlango niliokuwa nimeuombea msamaha watu wakajibu kwa vigelegele, pamoja na wale wasiojua tulikuwa na mtihani.

Vilipotulia nilifungua daftari kutimiza lile sharti palepale, na kalamu ikasimama. Mwaka mzima nilikuwa nimekula kwake, nimebeba mabati yake, nimeandika majina ya mimea yake kwa lugha tatu. "Mama Felo," nikasema, "jina lako ni nani?"

Alikaa chini kwanza, akanyoosha leso mapajani. Kisha akayasema yote matatu, polepole, akiitazama kalamu: Rosebella, halafu Achieng', halafu Onditi. Alinifanya nigeuze daftari ili asome mwenyewe kama nimeandika vizuri.

"Sawa," akasema. "Na usiweke Mama Felo. Felo yuko Kisumu, na hajahesabu hata jani moja."